Kibali cha kujenga nyumba na mashine ya kusaga kijijini, wilaya ya Kasulu

Mkulima wa Kasulu:
Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Nina kipande cha ardhi nilichorithi kwa marehemu baba katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma. Mbele kimepakana na barabara kuu iendayo Kibondo, na nyuma kinaishia kwenye mto mdogo usiokauka hata kiangazi. Nakusudia kujenga nyumba ya familia na, pembeni yake, banda la mashine ya kusaga na kukoboa, kwa sababu akina mama wa kitongoji chetu bado wanajitwika mahindi mwendo wa saa nzima kwenda kusagisha. Matofali nimekwisha kuyachoma, na fundi anataka tuchimbe msingi kabla ya mvua za Oktoba. Mtendaji wa kijiji amenizuia mpaka nipate kibali, lakini jirani yangu anasema vibali ni mambo ya mjini. Hati sina, ninayo karatasi ya mgawanyo wa urithi ambayo wazee wa ukoo waliiwekea dole gumba. Nianzie wapi?

Mstaafu wa ardhi, Tabora:
Marahaba, kijana wangu. Jirani yako hakukosea kabisa, ila amekufikisha nusu ya njia. Kwanza ujue ardhi yako iko chini ya sheria ipi, na hilo ni muhimu zaidi kwako kwa kuwa Kasulu ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. Ikiwa eneo lenu limetangazwa kuwa eneo la upangaji miji, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inakutaka uombe kibali kabla ya kuendeleza ardhi: utapeleka michoro ya jengo, ramani ya kiwanja na uthibitisho wa umiliki, na jalada lako litapita kwa afisa mipango miji, mhandisi na afisa afya. Ikiwa bado ni ardhi ya kijiji, inayotawala ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na mlango wako wa kwanza ni halmashauri ya kijiji.

Huko usiulize habari ya kibali peke yake. Uliza kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, na kipande chako kimeangukia wapi: makazi, kilimo, malisho au hifadhi ya chanzo cha maji. Kikiwa kwenye kilimo, banda la mashine ni matumizi mengine, na jambo hilo linapaswa kujadiliwa na kuandikwa katika muhtasari wa kikao wenye sahihi na mhuri. Neno la mdomo la mwenyekiti halitakusaidia siku uongozi utakapobadilika. Ukiwa huko, uliza pia sheria ndogo za halmashauri ya wilaya kuhusu ujenzi.

Sambamba na hayo, anza kuomba hatimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji. Majirani watasimama kwenye mipaka pamoja nawe, na ardhi yako itaandikishwa katika masjala. Lakini karatasi yako ya urithi inanitia wasiwasi. Je, dada zako wamo? Sheria hiyo hiyo ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na nimeona misingi mingi ikisimama kwa miaka kwa sababu dada mmoja hakuulizwa.

Fundi wa Urambo:
Kabla ya kwenda kikaoni, ndugu yangu, chukua futi kamba upime. Barabara kuu, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5, ndiyo maana utaona nyumba zina X nyekundu, yaani mwenyewe aondoke bila fidia, na nyingine zina X ya kijani, zilizokutwa na lile ongezeko la mita 7.5, ambazo hulipwa barabara ikihitaji eneo hilo. Ukijenga leo ndani ya mita 30 hutapata hiyo ya kijani. Na nyuma kuna mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Nayasema haya kwa uchungu. Mwaka mmoja nilimjengea mzee mmoja vyumba vinne vya duka, tukapima kwa hatua kutoka ukingo wa lami badala ya katikati. Tulikuwa tumekwisha kufunga lenta alipokuja mtu na kopo la rangi nyekundu. Yule mzee hakunilaumu, lakini aliketi juu ya rundo la kokoto mpaka jua likazama.

Mkulima wa Kasulu:
Nawashukuru sana. Leo asubuhi nimepima na mwanangu: kutoka katikati ya barabara hadi ukingo wa mto ni mita 118. Nikitoa 30 na 60, zinabaki 28. Nyumba niliyochorewa ingeangukia upande wa mto. Dada zangu wawili hawamo kwenye karatasi. Nimewapigia simu na watakuja Jumapili.

Mstaafu wa ardhi, Tabora:
Mita 28 zinatosha, ukizipanga kwa kufuata upana wa shamba. Weka mashine upande wa jirani asiye na nyumba karibu, kwa ajili ya kelele na vumbi la pumba, na mpelekee fundi michoro mipya kabla hajagusa jembe. Kama mashine ni ya umeme, ulizia TANESCO mapema kama umeme wa njia tatu, ule wa mashine kubwa, umefika kitongojini kwenu, kwa sababu jibu lao ndilo litakaloamua ununue mota au injini ya dizeli. Dada zako wakishatia sahihi mbele ya mtendaji, omba jambo lako liingizwe katika ajenda za kikao kijacho cha halmashauri ya kijiji, na nakala ya muhtasari uichukue siku hiyo hiyo itakapopigwa mhuri.