Ada ya ardhi Nairobi: tupinge thamani ya ploti au namna yenyewe ya kutoza?

Wadau, wengi wanaulizana jinsi ya kukata rufaa baada ya ploti zao kupandishwa thamani kwenye daftari la kaunti, yaani orodha ya thamani za ploti inayotumika kukokotoa ada ya ardhi ya kila mwaka. Naomba tujadili kwa hesabu, maana naona kelele zinapigwa kwenye mlango usio sahihi.

Nairobi ilitoza ada kwa daftari la mwaka 1980 kwa takriban miaka 40, ingawa sheria ilitarajia daftari jipya kila baada ya miaka 10. Likaja la 2019, na kuanzia 2022 kiwango kikawa asilimia 0.115 ya thamani ya sasa ya ardhi. Ardhi tu. Uwe umejenga kibanda cha mabati au ghorofa kumi na mbili, mthamini huitazama ploti kana kwamba ni tupu.

Tuseme una nusu ekari Kileleshwa, imeandikwa milioni 150. Ada yako ni shilingi 172,500 kwa mwaka. Ukatafuta mthamini wako, mkavutana hadi ikashuka milioni 135. Umeokoa 17,250. Mthamini na wakili watakudai zaidi ya hizo kabla hamjaitwa kusikilizwa hata mara moja.

Sasa chungulia ukutani kwa jirani. Nusu ekari kama yako, fleti 60. Ada ni ileile 172,500, ila wakigawana ni 2,875 kila fleti. Upande huu wa ukuta mjane mwenye nyumba isiyo ya ghorofa, iliyojengwa miaka ya sabini, anabeba yote peke yake. Hilo halirekebishwi na rufaa, kwa sababu mthamini hajakosea popote! Sura 267 ya zamani, sheria ya kutoza ada hizi, iliruhusu kaunti kutoza jengo pamoja na ardhi. Nairobi ikachagua ardhi pekee. Mimi nasema jengo liingizwe. Mnaopinga, karibuni.

Mchangiaji wa mtaa wa Umoja: Mleta mada, hapo sikuungi mkono. Ukitoza jengo unamwadhibu aliyejenga. Anayenufaika ni yule aliyezungushia ekari tano ukuta kule Karen akingoja bei ipande, wakati watu wanatafuta pa kulala. Tena ada ya jengo haimgusi landlodi, mwezi ujao utaikuta kwenye kodi ya nyumba. Na mjane wa milioni 150, samahani, si maskini.

Mchangiaji wa Kileleshwa: Ndugu wa Umoja, mama hali milioni 150. Anakula pensheni. Bei ilipandishwa na waliojenga maghorofa, yeye hajahama wala kuongeza hata choo. Mnachomwambia ni auze aondoke. Semeni wazi tu. Kwa nini asiruhusiwe ada yake ikawekwa kama deni juu ya hatimiliki, ikakatwa siku nyumba itakapouzwa au kurithiwa?

Mchangiaji anayefanya kazi za uthamini: Wote mna hoja, ila mleta mada hesabu yako ina pengo. Hizo 17,250 ni za kila mwaka, mpaka daftari lingine litoke. Likikaa miaka 10, ni 172,500. Hapo gharama ya mthamini inaanza kulipika. Kwa ploti ya milioni 5 Kayole, ambayo ada yake ni 5,750, kweli usijisumbue, labda kosa liwe kubwa.

Makosa makubwa yapo. Pingamizi nyingi hufa kwa sababu mtu anaandika "ni ghali mno, uchumi ni mbaya". Hicho si kigezo. Chukua hatimiliki na ramani ya upimaji, linganisha ukubwa na ulioandikwa daftarini. Je, bomba la maji taka au nyaya za stima zinapita katikati? Kuna sehemu iliyotengewa barabara, au ukingo wa mto usiojengeka? Umewekewa thamani ya eneo la biashara wakati kibali chako ni cha makazi? Tafuta mauzo halisi ya jirani ya wakati ule wa uthamini, si bei za mabango ya madalali.

Na muda. Chini ya Sura 266, sheria ya zamani ya uthamini, ulikuwa na siku 28 tangu tangazo la daftari, na asiyewasilisha pingamizi kwa maandishi hakusikizwa mbele ya mahakama ya uthamini. Sheria ya kitaifa ya 2024 imechukua nafasi ya sura hizo mbili na kuleta baraza la rufaa, kwa hiyo usitumie fomu ya zamani uliyopewa na rafiki. Asilimia yenyewe usiipeleke huko. Hiyo hupitishwa na madiwani, nenda ukaipinge wanapokusanya maoni ya umma.

Mleta mada: Mkuu wa uthamini, hiyo hesabu ya miaka 10 nakubali. Wa Kileleshwa, wazo la deni juu ya hatimiliki limenivutia, lakini kaunti hutoza riba kwa malimbikizo. Mama akiishi miaka 25 zaidi, watoto watarithi nyumba au bili?