"Kupinga kodi": maana yake na matumizi yake

Mwanzisha mada (Ngamiani, Tanga)
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafanyabiashara wadogo. Katika kikao chetu kilichopita mjumbe mmoja alitaka muhtasari useme kwamba kikundi "kinapinga kodi", kwa kuwa baadhi yetu hawakubaliani na makadirio waliyopewa mwaka huu. Wazee wawili walikataa katakata, wakihofu kwamba anayeitwa mpinga kodi atahesabiwa kuwa mkwepaji. Naomba kueleweshwa maana hasa ya maneno haya, na kama yapo mengine yanayofaa zaidi.

Mchangiaji wa Chumbageni
Wa alaykum salaam, ndugu Katibu. Anayepinga hufanya hivyo waziwazi na hutaja sababu zake, ilhali mkwepaji huficha mauzo, hatoi risiti, wala hamwandikii mtu barua. Kugomea ni jambo la tatu: wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, malalamiko yao makubwa yalihusu namna kodi inavyokusanywa, si kuwapo kwa kodi. Wazee wenu wana haki ya kuwa na wasiwasi, ila nadhani tatizo haliko kwenye kitenzi "kupinga". Liko kwenye "kodi" iliyoachwa bila kufafanuliwa, kwa sababu msomaji ataelewa kwamba mnakataa kodi zote, jambo ambalo hamkulisema. Isitoshe, "kodi" kwa wengi wetu ni pia pango analolipwa mwenye nyumba. Tajeni kinachopingwa.

Mchangiaji wa Pangani
Naunga mkono, na ningependa kuongeza upande wa sheria, kwa sababu huko ndiko neno lina uzito. Linalotumika ni "pingamizi". Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, asiyeridhika na makadirio huwasilisha pingamizi la maandishi kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku 30 tangu alipopokea uamuzi, akieleza sababu zake. Pamoja na hayo hutakiwa kulipa kiasi asichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea kipi ni kikubwa, isipokuwa Kamishna akikubali kukipunguza au kukiondoa kwa sababu za msingi. Waambie wazee, ndugu Katibu, kwamba mwenye pingamizi kwa kawaida ni mtu ambaye ameshalipa sehemu ya kodi hiyohiyo. Vipi ataitwa mkwepaji? Akishindwa hapo, hukata rufaa kwenye Bodi ya Rufani za Kodi. Zingatieni pia kwamba makadirio ni ya kila mlipakodi, hivyo muhtasari wa kikundi hauwezi kusimama badala ya pingamizi la mwanachama.

Mchangiaji wa Bagamoyo
Naomba tuwe waangalifu na historia pia. Huku mwambao husemwa mara nyingi kwamba vita vya 1888 vilikuwa vya kupinga kodi. Kweli, Agosti mwaka ule kampuni ya Kijerumani ilichukua utawala wa mwambao pamoja na forodha zake, na suala la ushuru lilikuwamo katika manung'uniko ya watu. Lakini Abushiri bin Salim, aliyeongoza mapambano kutoka Pangani na kunyongwa hukohuko Desemba 1889, pamoja na Bwana Heri wa Saadani, walikataa kutawaliwa. Kuwaita wapinga kodi ni kuwapunja sana. Kodi ya vibanda ilikuja baadaye, mwaka 1897, nayo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachosha watu wa kusini hadi Vita vya Majimaji vya 1905. Kwa matukio hayo andikeni "vita" au "upinzani dhidi ya ukoloni".

Mwanzisha mada
Nawashukuru nyote. Nitapendekeza muhtasari usomeke hivi: "Baadhi ya wanachama hawakuridhika na makadirio ya kodi ya mwaka huu, na kila mmoja atawasilisha pingamizi kwa jina lake." Kesho nitawaomba walete barua zao za makadirio, ili tuone ni nani siku zake 30 zinakaribia kwisha.