Madaftari ya mwalimu wetu marehemu: niyanakilije bila kuyaharibu?

Mwalimu wa Kongwa

Mbukwenyi, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Kongwa. Mwenzetu aliyefundisha hapa tangu ujana wake hadi kustaafu alifariki mwaka jana, na familia yake imenikabidhi madaftari saba ya kaunta ambamo kila jioni, akishamaliza kusahihisha kazi za wanafunzi, aliandika habari alizozikusanya kwa wazee: koo zilikotoka, majina ya njaa, nani alichimba kisima kipi. Katikati ya daftari la tatu kuna ramani aliyoichora kwa penseli, ikionesha mahame yaliyoachwa wakati wa Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, watu walipotolewa kwenye matembe yaliyotawanyika na kukusanywa vijijini. Kila hame amelitambulisha kwa mbuyu au mkwaju uliobaki, na kando yake ameandika jina la mwenye kaya.

Nakusudia kuyachapa kwenye kompyuta, nikisahihisha lugha na kuzipanga habari kwa miaka. Shida ni kwamba miaka haimo. Mwalimu anaandika tu "baada ya Mtunya" au "katapila zilipokuja". Nifanyeje?

Mstaafu, Mpwapwa

Pole kwa msiba, mwanangu. Miaka imo, ila imehesabiwa kwa namna ya wenyeji. Mtunya ni njaa kuu ya Ugogo iliyoanza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuendelea baada yake, takriban mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakosekana. Bibi akikwambia kwamba mama yake alibebwa mgongoni wakati wa Mtunya, amekwisha kukutajia mwaka. Katapila nazo ni za ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza hapo hapo Kongwa mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, kwa kuwa mvua haikutosha na udongo ulipokauka ulishupaa hata karanga hazikung'oleka. Tarehe hizo ziandike pembeni, zijulikane kuwa ni zako, wala usizichanganye na maneno yake.

Lugha usiisahihishe hata kidogo, nakusihi. Niliwahi kunakili masimulizi ya mzee mmoja nikayageuza kuwa Kiswahili fasaha, na leo siwezi tena kujua kama "ng'ombe wetu" aliowataja walikuwa wa kaya yake au wa ukoo mzima, jambo ambalo kwa Wagogo si dogo. Mzee amekwishafariki. Marehemu Mathias Mnyampala, ambaye naye alipitia ualimu, alichapisha historia na mila za Wagogo mwaka 1954. Isome sambamba na madaftari hayo, na kila unapoona yanatofautiana, nenda ukaulize.

Mtunza nyaraka, Dodoma mjini

Naongeza machache tu. Kabla ya kuchapa chochote, piga picha kila ukurasa kwa mwanga wa mchana, pamoja na kurasa tupu na majalada, ukizipa namba kwa mfuatano wake. Kurasa zilizochanika usizibandike kwa selotepu, kwa sababu gundi yake hugeuka rangi na kuila karatasi. Madaftari yasikae sakafuni wala yasigusane na ukuta wa udongo. Mchwa wa huku tunawafahamu.

Mwalimu wa Kongwa

Shikamoo, Mwalimu mstaafu, na ahsanteni nyote. Picha nimemaliza. Jumamosi nilifuatana na bibi mmoja hadi kwenye mbuyu wa kwanza katika ramani. Alifukua kwa fimbo jiwe la kusagia lililokuwa limezama nusu, akakaa kando yake kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba ramani imekosea: kaya ile ilikuwa ya shemeji yake, si ya kaka yake. Penseli ya mwalimu sikuigusa. Maelezo ya bibi nimeyaandika katika daftari jipya, kwa Kigogo chake mwenyewe, pamoja na jina lake na siku tuliyokwenda. Yamebaki mahame ishirini na matatu, na wawili kati ya wazee wanaoyafahamu ni wagonjwa, kwa hiyo kesho alfajiri naanza na hao.