Odysseus kujifanya ombaomba ampime mkewe: haki au dharau?

Kibarazani: Wakuu, leo Odyssey, ule utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer. Jamaa, Odysseus, kapotea miaka 20, kumi vitani Troy, kumi njiani, anafika kwao Ithaca badala ya kupiga hodi anavaa matambara eti ombaomba, anachunguza nani mwaminifu. Mke, watumishi, hadi baba mzazi. Ni haki?

Chuma cha Pua: Haki tupu. Nyumbani kuna wachumba 120 wanamgombea mkewe na kumlia mifugo bure, unataka aingie kifua mbele? Agamemnon, mfalme aliyepigana naye Troy, alirudi kichwa kichwa, mkewe na hawara wakammaliza. Na ndiye huyo huyo, mzimu wake, aliyemwonya Odysseus kule kuzimu, ukifika kwako tia nanga kimyakimya.

Dada Kinu: Ni 108 sio 120. Kuwaficha wachumba sawa, ila mke?? Mtu njiani umekaa miaka 7 kwa mwanamke mwingine, Calypso, na mwaka mzima kwa Circe yule mchawi, halafu unakuja kumpima mwenzio. Wewe alikupima nani?

Msemakweli: Calypso alimzuia bana, jamaa alikuwa akilia ufukweni kila siku. Na huyo mkewe, Penelope, msimpambe sana, kuna mahali anashuka kajiremba anawaambia wachumba zamani mtu akiposa alileta zawadi, basi wakashindana kuleta. Huo ni uchunaji, mabuzi 108 kwa mpigo.

Dada Kinu: Uchunaji? Watu wanakula mali ya mtu miaka mitatu na ushee, akirudishiwa kamkufu kamoja ndio kachuna? Na mumewe alikuwa pale pale na matambara yake, akafurahi!

Msemakweli: Alifurahi kwa sababu naye tapeli. Wamekutana.

Mpwani: Mabuzi 108 😂 wengine hata mmoja hatumpati

Chuma cha Pua: Turudi kwenye mada jamani. Mwaminifu pale ni mbwa tu, Argos. Kalala kwenye rundo la mavi ya ng'ombe, kupe wamemjaa, kamtambua bosi wake na matambara yake yote, katikisa mkia kafa. Hakuomba ushahidi.

Mpwani: Mbwa miaka 20? Wa kwetu akifika 12 tunamwita babu.

Dada Kinu: Sasa mnakimbilia mbwa. Penelope naye alimpima, mbona hamsemi? Kamwambia yaya kitanda kile kitoeni nje, jamaa akawaka, maana alikichonga mwenyewe kwenye shina la mzeituni lenye mizizi ardhini, hakitoki. Siku zote anajificha, kaja kunaswa kwa hasira zake.

Msemakweli: Umekubali basi ni mjanja. Mchunaji lazima awe mjanja.

Mama Wawili: Wanangu, mnabishania zawadi, wale vijakazi 12 walionyongwa kwa kulala na wachumba je? Wamebebeshwa maiti, wamesafishishwa damu ukumbini, ndio wakatundikwa. Na yule mzee Laertes, baba wa Odysseus, wachumba wameshauawa wote, mtoto bado anamdanganya eti mimi mgeni, hadi baba wa watu anajimwagia vumbi kichwani. Pale alikuwa anajificha nani tena?

Mpwani: Shikamoo mama. Hapo sina jibu. Ila Msemakweli, hizo zawadi zilikuwa dhahabu kweli?

Msemakweli: Mkufu ndio dhahabu, umetiwa kaharabu. Kuna gauni lina vishikizo 12 vya dhahabu, na hereni zenye matone matatu matatu kama forosadi. Yule mama aliijua kazi.

Dada Kinu: Hadi matone ya hereni kayahesabu, halafu eti wanawake ndio wanapenda dhahabu.