Wageni Wayahudi Mikindani, Alhamisi hadi Jumapili: nyama ya halali inatosha?

Mwenyeji_Mikindani
Wakuu, habari za jioni. Wiki hii nyumba ya wageni hapa Mikindani inapokea mke na mume, Wayahudi wanaoshika dini kwelikweli. Wanafika Alhamisi. Wameandika kwamba wanakula kosheri (chakula cha kufuata sheria ya dini yao) na kwamba siku ya Sabato hawasafiri. Ratiba iliyopo: kuku wa kienyeji wa kuchinjwa kihalali, wali wa nazi, pweza wa mchuzi, na Jumamosi asubuhi boti. Kipi kibadilishwe? Na wanatofautiana wapi hasa na Waislamu au Wasabato?

Mla_Nguru
Mkuu, pweza mwondoe leo hii. Cha baharini kinacholiwa ni samaki mwenye mapezi na magamba, soma Walawi 11. Pweza, ngisi, kamba, kaa, chaza, papa, taa na mkunga, wote nje. Nguru, jodari, changu na kolekole wanafaa. Gamba linalohesabika ni lile linalobanduka bila kuchana ngozi. Papa ngozi yake inakwaruza kama msasa lakini hubandui kitu pale.

Nunua samaki mzima na ngozi yake, mgeni ajionee magamba mwenyewe. Minofu iliyochunwa hataigusa, maana hana cha kumthibitishia ni samaki gani. Wala usimpe mtu wa sokoni akukatie: kisu chake kimetoka kwenye pweza sasa hivi.

Kuku wa halali hafai, hata achinjwe na nani wa msikitini. Kwao mchinjaji ni Myahudi aliyefunzwa kazi hiyo, na kisu chake kisiwe na pengo hata la kuhisi kwa ukucha. Baada ya hapo nyama hulowekwa nusu saa, hutiwa chumvi ya chengachenga saa nzima, husuuzwa mara tatu ili damu itoke. Hayo hutayafanya Mikindani kwa siku tatu, kwa hiyo acha nyama kabisa. Utakuwa umekwepa na lile la kutochanganya nyama na maziwa (Kutoka 23:19), ambalo wengi wao wakishakula nyama husubiri hata muda wa saa sita ndipo waguse maziwa.

Tui la nazi si maziwa, samaki wa nazi ruksa. Ila vitabu vyao vya sheria vinasema ukipika nyama kwa tui la lozi, weka lozi mezani ili mtu asidhani ni maziwa. Nazi nayo ni hivyohivyo.

Mayai: vunja moja moja kwenye kikombe cha glasi. Lenye doa la damu, tupa.

Jiko_la_Mkaa
Mla_Nguru kasema kweli ila kaishia sokoni. Mambo huharibikia jikoni. Samaki halali yao ukimpika kwenye sufuria iliyopika kamba jana, amekwisha kuharibika, kwa sababu wanahesabu kwamba chombo kinanyonya ladha. Sufuria ya chuma husafishwa kwa kukaa saa 24 bila kutumika kwa moto, kisha kuchemshwa maji yakafurika hadi ukingoni. Chungu cha udongo hakisafishiki hata ukichemshe mwezi mzima. Walawi 6:28 inasema kivunjwe. Njia fupi: sufuria mbili mpya, kisu kipya, ubao mpya, mwiko mpya, vifungwe hadi waje. Ukikosa, mzungushie samaki karatasi ya foili mara mbili ndipo umweke jikoni.

La pili watu wengi hawalijui: chakula kisicholiwa kibichi, kikipikwa na asiye Myahudi peke yake, nacho kina katazo. Mwache mgeni awashe kiberiti mwenyewe. Wenye asili ya Ulaya ya Mashariki huridhika na hilo. Wenye asili ya Hispania na nchi za Kiarabu wengi hutaka pia waweke sufuria motoni kwa mkono wao. Wali na ming'oko (mizizi ya porini) vinaingia humo. Papai, embe, ndizi mbivu na dafu havina neno.

Wakinunua sufuria yao wenyewe utawaona wanaizamisha baharini kabla ya kuitumia. Wasidhaniwe wanafanya uganga: bahari ni mahali halali pa kutakasia vyombo. Ya kwako ukiwaazima haihitaji.

Mwenyeji_Mikindani
Ahsanteni sana. Na boti? Na Jumamosi mpishi awawashie jiko?

Machweo
Boti ipeleke Jumapili. Sabato inaanza Ijumaa jua linapozama hadi nyota tatu zionekane Jumamosi usiku. Wazee wa pwani hawatashangaa, kwao pia usiku hutangulia mchana wake. Mishumaa huwashwa kama dakika 18 kabla ya jua kuzama, na kwetu Mtwara jua huzama kati ya saa 12 na karibu saa 1 jioni kufuatana na mwezi, kwa hiyo uliza saa ya wiki hiyohiyo. Waandalie mikate miwili mizima. Divai watakuja nayo.

Kazi zilizokatazwa ni aina 39, na moto na umeme ndizo zitakazokusumbua. Jiko kuwashwa Jumamosi kwa ajili yao, hapana. Wao hawaruhusiwi hata kukuagiza. Chakula kiive Ijumaa, makaa yafunikwe kipande cha bati, sufuria ikae juu yake, na mtu asichochee. Feni na taa ya msalani ziachwe zinawaka. Taa ya ndani ya friji ilegezwe.

Sasa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Jaza Ijumaa mchana! Yuniti zikiisha saa 4 usiku hawatakuja kukugongea, watakaa gizani na joto. Malipo na kusaini kitabu cha wageni vimalizike Alhamisi. Jumamosi hawashiki hela, na funguo huenda wasitoke nayo barabarani.

Mla_Nguru
Tofauti, kwa ufupi. Na Waislamu wanakutana kwenye Mungu mmoja, tohara (yao siku ya nane) na nguruwe, lakini Mtume Muhammad hawamhesabu. Wasabato wanashika Jumamosi ileile ila wanamwamini Yesu. Wayahudi Masihi bado wanamsubiri. Wanafuata Torati na ufafanuzi wake katika Talmudi. Wanasali mara tatu kwa siku wakielekea Yerusalemu, na kutoka Mikindani ni kaskazini, karibu upande uleule wa kibla. Sala kamili ya jamaa inataka wanaume wazima kumi, nao ni mke na mume tu, basi watasali chumbani. Usiwatajie "Agano la Kale": kwao si la kale.

Machweo
Nimesahau: Jumamosi usiku wataaga Sabato kwa divai, mshumaa wa tambi zaidi ya moja, na kitu cha kunusa. Karafuu kijiko kimoja kwenye kibakuli inatosha.