Nimeuziwa duranta nikiambiwa ni chai! Jihadharini na miche ya kando ya barabara

Jamani, nina hasira na sitaificha. Mwaka jana mwezi wa nne nilinunua miche 12 ya chai kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara hapa Nairobi, shilingi 250 kila mmoja. Muuzaji akaapa kwamba ni chai ya Limuru, tena ile inayovumilia joto. Nikaipanda nyumbani Kasarani, nikaiwekea kivuli cha neti, nikawa naimwagilia kila jioni.

Mwezi uliopita mama akaja kutoka Kangema. Huyu amechuma chai tangu usichana wake. Akashika tawi moja, akaniuliza, "Mwanangu, fensi hii ni ya nini?"

Duranta! Ile ile tunayozungushia ploti. Na mimi nilikuwa nimeshachuma majani na kuyakausha, namsubiri mama tuyapike pamoja. Matunda ya duranta, yale ya manjano, yana sumu na yamewahi kuua watoto. Majani nayo si ya kutia mdomoni. Nina mtoto wa miaka mitatu nyumbani!

Mama alinionyesha tofauti, nanyi ishikeni. Majani ya chai hupishana kwenye tawi, moja huku, linalofuata kule. Ya duranta hutoka mawili mawili yakitazamana. Ua la chai ni jeupe, katikati limejaa nyuzi za manjano. La duranta ni la zambarau.

Nikarudi kwa yule muuzaji. Mnajua alinijibu nini? "Nairobi ni joto, chai ingekufa tu, ndiyo maana nikakupa mti unaoshika." Hakuona haya! Chai ya kwanza Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903, hapo tu juu yetu. Assam kule India chai inamea bondeni, kwenye joto linaloshinda letu. Shida yetu huku ni udongo na ukavu. Chai inataka udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi) karibu 5, na mvua ya milimita 1,200 kwa mwaka au zaidi, iliyotawanyika vizuri. Huku Kasarani udongo ni mweusi, maji yanatuama mizizi inaoza. Angeniambia nitafute udongo mwekundu nijaze vyungu vikubwa, nimwagilie kiangazi, ningemshukuru. Badala yake aliniuzia na mfuko wa jivu niweke shinani. Jivu linaua asidi! Hata ingekuwa chai ya kweli, ningeimaliza kwa mikono yangu.

Sasa anataka kunibadilishia kwa miche mingine. Ipi tena? Nataka shilingi 3,000 zangu.

Anayemjua mkulima wa Limuru au Githunguri anayeuza miche ya vipandikizi, iliyokwisha kushika mizizi kwenye mifuko, aseme hapa. Safari hii naenda na mama, na hakuna pesa itakayotoka mfukoni kabla hajashika jani.