Mjadala: Hivi lulu kwenye fasihi haijachakaa tu?

ChazaMkavu:
Wakuu habari zenu. Leo nataka tubishane kidogo. Kila nikifungua diwani nakutana na lulu. Mpenzi lulu, mama lulu, lugha lulu, hekima lulu. Muulize mwanafunzi lulu inawakilisha nini, anakujibu hata swali hujamaliza, "usafi na thamani", anachukua maksi zake anaondoka, wala hajaangalia kama lulu ya shairi lile iko shingoni kwa mtu, iko chini ya bahari au iko mbele ya nguruwe. Zamani sawa, mtu alibana pua akashuka na jiwe mguuni, chaza kibao wanafunguliwa bure mpaka ipatikane moja, hapo ukimwita mtu lulu umemwita kitu. Lakini tangu Mikimoto kule Japani afanikiwe kuzifuga mwaka 1893 mambo yamebadilika, lulu inapandwa kama mchicha. Mimi nasema imekufa, washairi waiache. Siku hizi Lulu imebaki jina la binti na la saluni.

LuluMwenyewe:
Samahani, saluni imeingiaje hapa? Mimi naitwa Lulu na nina shahada ya fasihi. Baba yangu alinipa hilo jina baada ya mama kupoteza mimba tatu. Kwa hiyo usiniambie imekufa, kwetu inaitwa kila asubuhi nikaoshe vyombo.

ChazaMkavu:
Dada sikukulenga wewe jamani.

LuluMwenyewe:
Hukunilenga ila umenipata. Na hata hao unaowaheshimu walifanya hivyohivyo. Kuna ile riwaya ya Mmarekani Hawthorne ya mwaka 1850, The Scarlet Letter, Hester anafungwa kwa zinaa, anazaa gerezani, mtoto anamwita Pearl, yaani Lulu, kwa sababu amemgharimu kila alichonacho. Mtoto wa aibu anaitwa lulu! Usafi uko wapi hapo?

Kombe_Tupu:
Dada Lulu umegusa penyewe. Lulu ni maumivu. Chembe ya mchanga inaingia kwa chaza, inamchoma, inamsumbua, hana mikono ya kuitoa, basi anaifunika na kuifunika mpaka jeraha linageuka pambo. Mwandishi naye hivyohivyo, analizwa na dunia anatoa kitabu. Ndiyo maana mtu aliyeshiba haandiki.

Mpimaji:
Mchanga tena! Kaka, chaza anaishi hukohuko kwenye mchanga na matope, mchanga ukimwingia anautema. Mara nyingi lulu inaanza na kimelea kilichojipenyeza, au ile ngozi laini ya ndani imejeruhiwa, chembe hai zake zinajikunja zinakuwa kifuko, halafu kifuko kinatandaza tabaka juu ya tabaka za kitu kilekile kinachong'aa ndani ya ganda. Ingekuwa kila punje ya mchanga inazaa lulu, wazamiaji wangekufa maji kwa ajili gani?

Kombe_Tupu:
Kwa hiyo mwalimu wangu alinidanganya?

Mpimaji:
Alirudia alichoambiwa. Kabla yake Pliny wa Roma aliandika kwamba chaza anapanda juu anakunywa umande ndio unakuwa lulu. Mshairi wa Uajemi, Saadi wa Shirazi, kwenye kitabu chake Bustani, 1257, ana tone la mvua lililoona bahari likaona haya, "mimi nani mbele ya hii?", chaza akalimeza likawa lulu ya mfalme. Kila zama na uongo wake.

Kombe_Tupu:
Wewe unaita uongo, mimi naita sitiari. Watu wa vipimo mna tabu sana, mkiambiwa moyo umevunjika mnataka picha ya eksirei.

Mpimaji:
Na nyie mkisahihishwa jambo moja mnakimbilia "sitiari". Mimi hata sijakataa maumivu, nimekataa mchanga. Tena kimelea ni bora kwa hoja yako mwenyewe, fikiria, pambo shingoni mwa malkia kumbe ni kaburi la mdudu. Andikeni hiyo!

LuluMwenyewe:
Kaburi la mdudu. Asante sana, nitampigia baba nimwambie.

UstadhiVina:
Niwaombe dakika moja. Mnaitafuta lulu kama alama ya kitu fulani, usafi mara maumivu, wakati katika Kiswahili lulu kwanza ni habari ya KAZI. Tazameni kitenzi. Tunatunga shanga, tunatunga shairi, neno ni lilelile. Mshairi wetu Mwana Kupona, kwenye utendi wake wa mwaka 1858, anamwita binti yake aje na wino na karatasi, anamwambia nitakutungia kidani cha lulu na marijani nikuvike shingoni. Kidani chenyewe ndio utendi, kila ubeti punje, wosia ndio uzi. Waarabu nao kupanga lulu uzini wanaita nadhm, na nadhm ndio ushairi, na nathr ni kuzitawanya, ndipo tukapata neno nathari. Yaani kila ukisema "nathari" umetaja lulu zilizomwagika, hata kama hujui. Sasa ChazaMkavu, alama iliyoingia mpaka kwenye kitenzi unaiua kwa kisu gani?

MjukuuWaNgariba:
Ustadhi umeongea vizuri ila hicho kidani ndicho kinachonikera. Mama anamvika binti kidani halafu ushauri wote ni namna ya kumtumikia mume. Lulu hapo ni mnyororo unaong'aa. Na ile "lulu iliyohifadhiwa" ya Kurani, mnajua wenyewe anayefananishwa nayo ni nani, mwanamke afungiwe kwenye ganda.

UstadhiVina:
Dada fungua Surat Tur aya ya 24. Wanaofananishwa na lulu zilizohifadhiwa pale ni vijana wa kiume wanaohudumia peponi. Nao tuwafungie?

MjukuuWaNgariba:
Peponi sio hapa Ustadhi. Hapa duniani sijaona mvulana anaambiwa "wewe ni lulu, kaa ndani".

Kombe_Tupu:
Mbona hamumtaji Othello wa Shakespeare, mwanamume huyo anajifananisha na Mhindi aliyeitupa lulu yenye thamani kuliko kabila lake zima. Ameshamnyonga mke ndio anamwita lulu!!

Bado_Nasoma:
Sio Mhindi ni MYAHUDI. Nina kitabu mkononi hapa. Watu msome kabla ya kuandika.

Kombe_Tupu:
Mimi nimefanyia mtihani hicho kitabu wewe. MHINDI.

Bado_Nasoma:
Ulipata ngapi?

Mpimaji:
Wote mko sawa, punguzeni. Chapa ya 1622 ina Mhindi, ya 1623 ina Myahudi, wataalamu wanagombana mpaka kesho.

MjukuuWaNgariba:
Mnabishana kabila la mtupaji, aliyenyongwa hamumuulizi. Ni kama kile kisa cha Steinbeck cha 1947, lulu ya Kino. Tangu mwanzo mkewe Juana anasema hiki kitu kiovu kitatumaliza, anaamka usiku akaitupe baharini, Kino anamfuata anampiga mpaka chini. Mwishoni mtoto kashapigwa risasi ndio Kino anaitupa kwa mkono wake mwenyewe, na wasomaji wanafuta machozi, oo amepata hekima. Hekima ilikuwepo tangu usiku ule, ilipigwa teke.

ChazaMkavu:
Sasa hiyo lulu mimi naikubali! Kwa sababu imeangaliwa. Kino anatazama ndani yake anaona bunduki, anaona harusi ya kanisani, anaona mwanawe anasoma. Baadaye anatazama tena inaonekana kama donda. Lulu moja, imegeuka. Hizi zetu hazigeuki. Bibi yangu alikuwa na hereni moja ya lulu (mwenzake alipotea), alinifundisha kuisugua kwenye ncha ya meno ya mbele. Ya kweli inakwaruza kidogo, kama ina vumbi. Ya bandia inateleza. Sasa nyingi tunazosoma zinateleza.

Kombe_Tupu:
Ehee! Umesema INA VUMBI. Karibu kwenye mchanga.

Mpimaji:
Mungu nisaidie.

UstadhiVina:
Bado hujanijibu kitenzi changu ndugu ChazaMkavu. Na maadamu umeleta hereni nami nilete uzi. Fundi akitunga lulu za kweli anapiga fundo kila baada ya punje, uzi ukikatika idondoke moja, zingine zibaki, tena zisisuguane zikachubuana. Ubeti na kituo chake ni hivyohivyo.

ChazaMkavu:
Ustadhi mimi sikusema iachwe, nilisema ipumzishwe.

Bado_Nasoma:
Panda juu ukasome. Umeandika "imekufa, washairi waiache".

ChazaMkavu:
Ilikuwa lugha ya picha.

Mpimaji:
Sitiari sio?

LuluMwenyewe:
Na saluni je? Bado nasubiri.